Sophie Scholl: Miaka Kumi Iliyotangulia Filamu ya Siku Sita

Utangulizi

Mnamo mwaka wa 2005, mwelekezi wa filamu Mjerumani, Marc Rothemund, alitoa filamu ya kihistoria iitwayo Sophie Scholl – Die letzten Tage, yaani Sophie Scholl: Siku za Mwisho. Filamu hiyo inahusu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Munich walioupinga utawala wa kidikteta wa Adolf Hitler kwa kuandika na kusambaza vipeperushi. Katika Tamasha la Filamu la Berlin la mwaka huo, Rothemund alituzwa kwa uelekezi bora naye Julia Jentsch, aliyeigiza nafasi ya Sophie, akatuzwa kwa uigizaji bora. Mwaka uliofuata, filamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar katika kitengo cha filamu za lugha za kigeni.

Sifa kuu ya filamu hii ni kwamba mtunzi wake, Fred Breinersdorfer, alipata kuzisoma rekodi za mahojiano ya polisi wa siri wa Kinazi, Gestapo. Rekodi hizo zilikuwa zimehifadhiwa katika Ujerumani Mashariki, na hazikuwa wazi kwa watafiti hadi baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka mwaka wa 1989 na Ujerumani mbili kuungana mwaka wa 1990. Kwa hiyo, majibizano makali baina ya Sophie na mpelelezi Robert Mohr, ambayo ndiyo moyo wa filamu, hayakutokana na ubunifu mtupu. Yana msingi katika karatasi zilizopigwa chapa na watesi wenyewe.

Hata hivyo, filamu hiyo inaanza tarehe 17 Februari 1943 na kumalizika tarehe 22 Februari. Siku sita tu. Mtazamaji anamkuta Sophie akiwa tayari amekomaa, tayari ameamua, tayari haogopi. Ni rahisi basi kudhani kwamba ujasiri ule ulikuwa kipaji alichozaliwa nacho, na kwamba watu wa namna yake hawafanani na binadamu wa kawaida. Makala haya yanasimulia maisha ya Sophie Scholl kuanzia utotoni ili kuonyesha kinyume cha dhana hiyo. Ujasiri wa Sophie ulikuwa na historia yake. Ulijengeka kwa muda wa miaka kumi, hatua kwa hatua, na hatua ya kwanza kabisa ilikuwa ya kumfuata Hitler wala si ya kumpinga.

Kuzaliwa na Malezi

Sophia Magdalena Scholl alizaliwa tarehe 9 Mei 1921 katika mji mdogo wa Forchtenberg, kusini mwa Ujerumani. Baba yake, Robert Scholl, alikuwa meya wa mji huo. Mama yake, Magdalena, aliwahi kuwa muuguzi katika shirika la watumishi wa kike wa Kanisa la Kilutheri kabla ya kuolewa. Sophie alikuwa mtoto wa nne miongoni mwa watoto sita. Waliomtangulia ni Inge, Hans na Elisabeth; waliomfuata ni Werner na Thilde, ambaye alifariki akiwa mchanga.

Familia hiyo ilihamia mji wa Ludwigsburg mwaka wa 1930, kisha ikahamia Ulm mwaka wa 1932, ambako Robert Scholl alifungua ofisi ya ushauri wa kodi na biashara. Nyumba yao ilikuwa ya vitabu, muziki, dini na mijadala. Mama aliwalea watoto katika imani ya Kikristo. Baba alikuwa mtu wa msimamo huru, aliyechukia vita na ambaye hakuona haya kusema alilolifikiri. Katika meza ya familia hiyo, mtoto aliruhusiwa kumpinga mzazi kwa hoja. Jambo hili, dogo kama linavyoonekana, lilikuja kuwa na uzito mkubwa baadaye.

Sophie mwenyewe alikuwa mtoto mtulivu. Alipenda kuchora, kuogelea, kupanda miti na kutembea porini. Barua na shajara alizoziacha zinamwonyesha kuwa mtu wa kutazama kwa makini: nyasi, maji, mwanga wa jua juu ya majani. Zinamwonyesha pia kuwa mtu wa kujihoji bila huruma, aliyejipima kila mara kama anaishi sawasawa na imani yake.

Katika Safu za Vijana wa Hitler

Adolf Hitler alishika uongozi wa serikali ya Ujerumani tarehe 30 Januari 1933. Sophie alikuwa hajatimiza umri wa miaka 12. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na watawala wale walilielewa jambo hilo vyema mno. Waliwaundia watoto na vijana vyama vyenye sare, bendera, nyimbo, mioto ya usiku, matembezi ya milimani na vyeo. Mtoto aliambiwa kwamba taifa linamhitaji yeye, leo hii, wala si atakapokuwa mtu mzima. Ni watoto wachache wanaoweza kuukataa mwito kama huo.

Watoto wa Scholl hawakuukataa. Hans alijiunga na Vijana wa Hitler na kupanda cheo. Sophie naye alijiunga na tawi la wasichana na kuwa kiongozi wa kundi. Baba yao alipinga waziwazi. Aliwaonya watoto wake kwamba waliomtukuza Hitler walikuwa wakidanganywa, na kwamba ajira na barabara mpya zilizosifiwa kila siku zilikuwa zikiandaa vita. Kwa miaka kadhaa, nyumba hiyo iligawanyika: wazazi upande mmoja, watoto upande wa pili. Ukweli huu haufichiki, wala haufai kufichwa. Binti ambaye leo ni kielelezo cha upinzani dhidi ya Wanazi aliwahi kuvaa sare yao kwa hiari na kwa furaha.

Kilichomgeuza hakikuwa tukio moja. Yalikuwa mambo madogo yaliyoongezeka, mfano wa haba na haba. Katika shule yake walikuwamo wasichana wa Kiyahudi, na hawakuruhusiwa kujiunga na chama cha wenzao; Sophie hakuiona sababu. Inasimuliwa pia kwamba katika mkutano mmoja wa viongozi wa wasichana, Sophie alipendekeza wasome kazi za Heinrich Heine. Heine alikuwa mshairi mwenye asili ya Kiyahudi, na vitabu vyake vilikuwa vimepigwa marufuku. Pendekezo hilo lilipokataliwa, Sophie aliwaeleza wenzake kwamba asiyemjua Heine hawezi kudai kuijua fasihi ya Kijerumani. Kwa mwanafunzi wa fasihi, kisa hiki kina funzo. Mojawapo ya nyufa za mwanzo kati ya Sophie na utawala ule ilipitia katika swali la ni nani mwenye haki ya kusomwa.

Hans naye alikuwa na nyufa zake. Mwaka wa 1935 alichaguliwa kubeba bendera ya kundi lake katika mkutano mkuu wa chama huko Nuremberg. Alikwenda kwa fahari na kurudi akiwa amevunjika moyo, kwani aliona gwaride na utiifu tupu, hakuona mahali pa fikra ya mtu binafsi. Aliendelea kushiriki katika kundi la vijana lililokuwa nje ya chama, lenye nyimbo na vitabu vyake lenyewe. Makundi ya aina hiyo yalikuwa yamekatazwa. Mwishoni mwa mwaka wa 1937, Gestapo waliwakamata watoto kadhaa wa Scholl kwa sababu hiyo. Sophie, aliyekuwa na umri wa miaka 16, aliachiliwa muda mfupi baadaye. Hans aliwekwa rumande kwa majuma kadhaa. Tangu hapo dola halikuwa tena bendera na nyimbo kwao. Lilikuwa hodi ya polisi asubuhi mlangoni mwa mama yao.

Miaka ya Vita na ya Upweke

Mwaka huohuo wa 1937, Sophie alifahamiana na Fritz Hartnagel, kijana aliyekuwa akisomea uofisa wa jeshi. Urafiki wao ukawa mapenzi, na mapenzi hayo yakawa mjadala mrefu kwa njia ya barua. Vita vilipozuka Septemba 1939, Sophie alimwandikia ofisa huyo wa jeshi la Hitler akieleza bila kuficha kwamba hakuelewa jinsi watu walivyoweza kuyaweka hatarini maisha ya watu wengine daima. Baadaye, wananchi walipoombwa kuchangia nguo za baridi kwa askari waliokuwa Urusi, Sophie alikataa. Fritz alishtuka. Hoja ya Sophie ilikuwa kwamba kifo cha askari Mjerumani kwa baridi na kifo cha askari Mrusi kwa baridi ni msiba uleule, na kwamba Ujerumani ilipaswa kushindwa vita ile ili uovu ukome. Fritz alikiri baadaye kwamba hoja ile ilimwia vigumu, lakini hakuweza kuipangua.

Sophie alihitimu masomo ya sekondari mwaka wa 1940. Serikali iliwalazimu vijana kufanya kazi za taifa kabla ya kuingia chuo kikuu. Akitarajia kuikwepa amri hiyo, Sophie alijifunza ualimu wa shule ya chekechea huko Ulm, lakini hila hiyo haikufaulu. Mwaka wa 1941 alipelekwa kambini Krauchenwies kwa miezi sita. Baada ya hapo aliongezewa miezi mingine sita ya utumishi wa vita katika shule ya watoto wadogo mjini Blumberg. Kambini walilala katika mabweni, wakavaa sare, wakafuata ratiba ya kijeshi. Usiku, wenzake walipokuwa wakipiga soga, Sophie alisoma maandishi ya Mtakatifu Agostino. Alijifunza kukaa peke yake katikati ya watu wengi. Huenda ujuzi huo ndio uliomfaa zaidi katika chumba cha mahojiano miaka miwili baadaye.

Katika miaka hiyo pia zilianza kusikika habari za wagonjwa wa akili na watoto wenye ulemavu waliochukuliwa kutoka hospitalini na kuuawa kwa amri ya serikali. Mwaka wa 1941, Askofu Clemens August von Galen wa Münster alilaani mauaji hayo hadharani katika mahubiri yake, na nakala za mahubiri hayo zikasambazwa kwa siri kutoka mkono hadi mkono. Nakala zilifika nyumbani kwa akina Scholl. Hans aliguswa na maudhui yake, lakini aliguswa pia na namna yalivyosafiri: karatasi chache zilizorudufiwa zilikuwa zimefanya lile ambalo hakuna gazeti lililothubutu kulifanya.

Waridi Jeupe

Mwezi wa Mei 1942, akikaribia kutimiza umri wa miaka 21, Sophie alijiunga na Chuo Kikuu cha Munich kusomea biolojia na falsafa. Hans alikuwa tayari akisomea udaktari katika chuo hichohicho. Kupitia kwake, Sophie aliwajua Alexander Schmorell, aliyezaliwa Urusi. Christoph Probst, aliyekuwa tayari na mke na watoto. Na Willi Graf, Mkatoliki mnyamavu ambaye hakukubali kamwe kujiunga na vijana wa Hitler. Mwalimu waliyemheshimu alikuwa Profesa Kurt Huber, mhadhiri wa falsafa na muziki. Walikutana kusoma vitabu, kuimba, kunywa chai na kujadili. Usomaji wao ulikuwa wa watu wanaotafuta jibu la swali moja: mwananchi afanye nini pale ambapo sheria za nchi yake zimekuwa chombo cha uhalifu?

Kati ya Juni na Julai 1942, Hans na Schmorell waliandika na kurudufu vipeperushi vinne kwa jina la Waridi Jeupe. Kila kimoja kilitolewa takriban nakala 100 na kutumwa kwa posta kwa wasomi, walimu na watu wengine waliodhaniwa kuwa na ushawishi. Kipeperushi cha pili kilitaja mauaji ya Wayahudi 300,000 nchini Poland na kuyaita uhalifu usio na mfano katika historia. Ikumbukwe kwamba Wajerumani wengi walidai baada ya vita kwamba hawakujua. Karatasi hii ni ushahidi kwamba wanafunzi wenye taipureta moja waliyajua mambo hayo na wakayasema.

Mwezi wa Julai wanafunzi wa udaktari walipelekwa Urusi kuwa wauguzi wa jeshi. Sophie alirudi Ulm na kulazimishwa kufanya kazi katika kiwanda cha silaha. Wakati huohuo baba yake alitiwa gerezani. Kosa lake lilikuwa kumwita Hitler mjeledi wa Mungu mbele ya mfanyakazi wa ofisi yake, ambaye alimshtaki. Kwa hiyo, katika majira hayo ya kiangazi, binti alitengeneza silaha za utawala uliomfunga babaye kwa sababu ya sentensi moja.

Hans na wenzake waliporudi mwezi wa Novemba, kazi ilianza upya kwa bidii kubwa zaidi, na Sophie akawa nguzo yake. Ndiye aliyetunza fedha za kundi. Kununua karatasi, bahasha na stempu kwa wingi kulikuwa jambo la kutia shaka, hivyo zilinunuliwa kidogo kidogo katika maduka na ofisi za posta mbalimbali. Usiku walizungusha mpini wa mashine ya kurudufu, mchana walihudhuria mihadhara. Kipeperushi cha tano, cha Januari 1943, kinakadiriwa kuwa kilifikia nakala kati ya 6,000 na 9,000. Ili Gestapo wasijue chanzo chake, vijana hao waliabiri garimoshi wakiwa na mabegi yaliyojaa vipeperushi na kuvitia katika masanduku ya posta ya miji mingine. Sophie alikwenda Augsburg, Ulm na Stuttgart. Mjini Ulm, wanafunzi wa sekondari walijificha nyuma ya kinanda cha Kanisa la Martin Luther wakiandika anwani na kubandika stempu.

Haya yanafaa kusisitizwa kwa sababu neno upinzani huleta picha ya hotuba na maandamano. Upinzani wa Sophie Scholl, kwa sehemu kubwa, ulikuwa kazi ya ukarani: kuhesabu fedha, kulamba stempu, kubeba mizigo, kunyamaza.

Siku Sita za Mwisho

Mwanzoni mwa Februari 1943, majeshi ya Ujerumani yalisalimu amri huko Stalingrad baada ya maelfu kwa maelfu ya watu kuangamia. Profesa Huber aliandika kipeperushi cha sita akiwahutubia wanafunzi moja kwa moja. Usiku, Hans, Schmorell na Graf walipaka kuta za mji wa Munich maandishi ya kudai uhuru na kumlaani Hitler. Hapa ndipo filamu ya Rothemund inapoanza.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 18 Februari, Hans na Sophie waliingia katika jengo kuu la chuo wakiwa na sanduku lililojaa vipeperushi. Waliviweka kwa mafungu nje ya kumbi za mihadhara na juu ya ngazi huku wanafunzi wakiwa madarasani. Walikuwa wamekwisha kutoka waliporudi kuvimaliza vilivyosalia. Kutoka ghorofa ya juu, Sophie alilisukuma fungu moja kutoka ukingoni, na karatasi zikamwagika katika ukumbi wa chini. Msimamizi wa majengo, Jakob Schmid, aliwaona na kuwakamata. Walipelekwa katika makao makuu ya Gestapo.

Mpelelezi Robert Mohr alikuwa ofisa mwenye tajiriba ndefu. Sophie alikana kila kitu kwa utulivu kiasi kwamba Mohr alianza kuamini kuwa hana hatia. Lakini upekuzi wa chumba chao ulifichua stempu nyingi za posta na ushahidi mwingine. Aidha, mfukoni mwa Hans mlikuwa na rasimu ya kipeperushi kingine, ambayo alijaribu kuirarua. Mwandiko ulikuwa wa Christoph Probst, ambaye mke wake alikuwa mgonjwa baada ya kujifungua mtoto wao wa tatu. Probst alikamatwa.

Sophie alipoelezwa kwamba kaka yake amekiri, naye alikiri, na tangu hapo mkakati wake ukabadilika. Alijitwika yeye na Hans lawama nyingi kadiri alivyoweza ili kuwaokoa wenzake. Mwishoni mwa mahojiano aliulizwa kama sasa anakubali kwamba alikosea. Jibu la kukubali lingeweza kumpunguzia adhabu. Sophie alijibu kwamba aliamini amelitendea taifa lake jambo bora aliloliweza, kwamba hajutii, na kwamba yuko tayari kuyabeba matokeo. Jibu hilo limo katika rekodi ya polisi.

Mfungwa wa kisiasa Else Gebel, aliyewekwa katika chumba kimoja naye, alisimulia baadaye kwamba asubuhi ya siku ya hukumu Sophie alimweleza ndoto. Alikuwa amembeba mtoto mwenye kanzu nyeupe akimpeleka kubatizwa, akipanda mlima. Ghafla ardhi ikapasuka mbele yake. Aliwahi kumweka mtoto salama upande wa pili kabla ya yeye mwenyewe kutumbukia. Mtoto yule, alivyoifasiri ndoto mwenyewe, ni wazo walilolipigania.

Tarehe 22 Februari, Roland Freisler, rais wa Mahakama ya Umma, alifika kutoka Berlin kuwahukumu. Kesi haikuchukua hata nusu siku. Freisler alipiga kelele. Sophie alimjibu kwa ufupi kwamba waliyoyaandika ni mambo ambayo wengi waliyafikiri lakini hawakuthubutu kuyasema. Wazazi wake waliingia mahakamani kwa nguvu, na baba alipojaribu kuwatetea watoto wake akatolewa nje. Hans, Sophie na Christoph walihukumiwa kifo. Wazazi wa Scholl waliruhusiwa kuwaona watoto wao kwa dakika chache katika gereza la Stadelheim. Saa kumi na moja jioni ya siku hiyohiyo, Sophie alitangulia kuuawa kwa mashine ya kukatia vichwa, akafuatwa na wenzake wawili. Alikuwa na umri wa miaka 21. Nyuma ya karatasi ya mashtaka aliyokabidhiwa na mahakama, alikuwa ameandika neno moja tu, lenye maana ya uhuru.

Baada ya Kifo

Je, neno hilo lilisikika? Jibu la haraka ni la kuhuzunisha. Jioni hiyohiyo, wanafunzi walikusanyika chuoni Munich kuulaani uasi wa wenzao, na Schmid, msimamizi wa majengo, akashangiliwa. Chuo hakikuinuka. Katika kesi ya pili ya mwezi wa Aprili, Huber, Schmorell na Graf walihukumiwa kifo. Wawili wa kwanza waliuawa tarehe 13 Julai 1943, na Graf aliuawa tarehe 12 Oktoba. Ndugu wa Sophie walitiwa gerezani kwa kosa la kuwa ndugu. Mdogo wake, Werner, alipotea vitani huko Urusi mwaka wa 1944.

Karatasi, hata hivyo, ziliendelea na safari. Kipeperushi cha sita kilisafirishwa kwa siri na Helmuth James von Moltke hadi Skandinavia, na kutoka huko kikafika Uingereza. Katika majira ya kiangazi ya 1943, ndege za Uingereza zilikirudisha Ujerumani kwa kukidondosha kwa wingi kutoka angani. Maneno yaliyoangushwa kutoka ghorofa ya chuo yaliangushwa tena kutoka mawinguni.

Sheria ilichelewa zaidi. Mwaka wa 1982 zilitolewa filamu mbili, ya Michael Verhoeven na ya Percy Adlon, na katika zote mbili Sophie aliigizwa na Lena Stolze. Filamu ya Verhoeven ilizua utata kwa kudai kwamba hukumu za Freisler zilikuwa bado hazijabatilishwa. Mjadala huo ulichangia bunge la Ujerumani Magharibi kutangaza mwaka wa 1985 kwamba mahakama ile ilikuwa chombo cha ugaidi wa dola. Hukumu zenyewe zilifutwa kwa sheria mwaka wa 1998, miaka 55 baada ya kifo cha Sophie. Hapa ni sanaa iliyoisukuma sheria.

Hitimisho

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hatakosa kumkumbuka Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka wa 1968, akiwa na umri wa miaka 22, alitoa kipeperushi kiitwacho Kenya: Twendapi?, na kwa ajili hiyo akafungwa hadi mwaka wa 1972. Tawala zile mbili hazilingani, wala haifai kuzilinganisha. Kinachofanana ni hofu ya wenye mamlaka mbele ya karatasi. Kinachotofautiana ni muda. Abdilatif aliishi na kutunga gerezani mashairi yaliyochapishwa mwaka wa 1973 kama Sauti ya Dhiki. Sophie alipewa siku nne kati ya kukamatwa na kuuawa, na diwani yake ni barua, shajara na majibu aliyoyatoa mbele ya polisi.

Filamu ya Rothemund imefanya vyema kuyahuisha majibu hayo. Udhaifu wake unatokana na mipaka yake yenyewe: inaonyesha tunda bila kuonyesha mti. Atakayeitazama baada ya kuyajua maisha ya Sophie ataona zaidi. Katika kila jibu analompa Mohr atamsikia baba aliyeruhusu kubishiwa mezani, msichana aliyemtetea Heine, usiku wa kusoma kambini, na hesabu za stempu. Ataona pia kwamba aliyekuwa na sare ya Hitler akiwa na umri wa miaka 13 aliweza kumkataa Hitler akiwa na miaka 21. Ukweli huo wa pili ndio unaomhusu zaidi kijana wa chuo kikuu. Unamwondolea kisingizio kwamba ujasiri ni wa waliozaliwa nao, na unamwachia swali la nini anachokisoma, nani anayembishia, na kitu gani anachokizoea kila siku bila kukihoji.